Kisanduku cha Saba

Mwenyekiti aliisukuma karatasi juu ya meza bila kumtazama aliyesukumiwa, kama mtu anavyomsogezea mwenzake chumvi. Karatasi ikateleza, ikalipita kopo la kalamu, ikaipita miwani ya Mhazini, ikatulia mbele ya Matroni. Ilikuwa na maswali kumi. Tisa yalikuwa yameandikwa tu, bila mbwembwe. La saba lilikuwa na mabano mwanzoni, na ndani ya mabano neno moja: Mama.

"Lako hilo," alisema Mwenyekiti. "Kama kawaida."

Chama kilikuwa na katiba ya kurasa mia moja na kumi na mbili. Kulikuwa na kifungu cha mihuri, kifungu cha bendera, hata kifungu cha namna ya kuikunja bendera iliyonyeshewa. Hakukuwa na kifungu kilichosema kwamba swali la nyumbani lazima liulizwe na mwanamke. Mambo mazito ya chama hayakuandikwa popote. Yalijulikana tu, kama ilivyojulikana kwamba kiti cha karibu na feni ni cha Mwenyekiti.

Kamati ya uteuzi ilikuwa na watu watano. Mwenyekiti alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, na hadi leo hakuweza kuingia chumba chochote bila kupitisha kidole kwenye dirisha kutafuta vumbi. Katibu alitunza mhuri. Mhazini alijaliwa kipaji adimu cha kusinzia huku akitikisa kichwa kukubali, na kwa kipaji hicho alikuwa amepitisha maazimio mengi kuliko mtu yeyote aliye macho. Mwakilishi wa Vijana alikuwa kijana wa miaka arobaini na sita, mwenye wajukuu wawili. Wa tano alikuwa Matroni, mwakilishi wa akina mama, ambaye siku za kawaida alilinda bweni la wasichana mia moja na ishirini. Wasichana hao walimwita Rada, kwa sababu aliweza kunusa biskuti iliyofichwa ndani ya soksi, ndani ya kiatu, ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli.

Siku hiyo kulikuwa na majina mawili tu na nafasi moja: mgombea ubunge wa jimbo. Kila aliyeomba angeulizwa maswali kumi, kamati ingekubaliana alama, na mwenye alama nyingi jina lake lingepelekwa makao ya chama kabla ya saa kumi alasiri, kwenye fomu yenye sahihi tano. Sahihi nne hazikutosha. Fomu yenye sahihi nne ilirudishwa, na jimbo likapangiwa mgombea na watu wasiojua hata soko lake liko upande gani.

Jina la kwanza lilikuwa la Mkandarasi. La pili lilikuwa la Fundi Umeme, ambaye alikuwa dada wa mume wa Matroni.

*

Kisanduku cha saba kwenye fomu kiliitwa Utulivu wa Nyumbani. Vingine vilikuwa na alama kati ya tano na kumi. Hicho kilikuwa na ishirini.

Kwa chaguzi tatu Matroni alikuwa amewauliza wanawake kumi na mmoja swali la saba, na alikuwa na kumbukumbu nzuri, maana asiye na kumbukumbu hawezi kulinda bweni. Mwenye mume na watoto alipewa sita, kwa kuwa nyumba ingemlemea. Mwenye mume asiye na watoto alipewa saba, kwa kuwa angezaa. Asiyeolewa alipewa tano: hajui nyumba ni nini. Kulikuwa na mwalimu mmoja mjane, mwenye sauti ya chini na majibu yaliyonyooka kama mashuka yaliyopigwa pasi. Huyo alipewa nne, kwa sababu, kama alivyoeleza Mwenyekiti kwa uchungu mkubwa, majonzi ni mzigo na chama hakipendi kumtwika mtu mizigo miwili.

Wanaume hawakuulizwa. Lakini makao ya chama hayakupokea fomu yenye kisanduku kitupu, kwa hiyo zamani, kabla ya Matroni kuingia kwenye kamati, mtu fulani aliamua kwamba kwa mwanamume kisanduku cha saba kijazwe ishirini. Hakuna aliyemkumbuka mtu huyo. Uamuzi wake ulikumbukwa vizuri sana.

Kisha, kila uchaguzi, mwanamke aliposhindwa, Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba akina mama wasivunjike moyo, wao wana viti vyao. Na kila mara Matroni alitikisa kichwa. Ukikaa na Mhazini meza moja kwa miaka kumi na mitano, kutikisa kichwa kunaambukiza.

*

Jana yake, saa za mchana, Fundi alikuwa juu ya ngazi sebuleni kwa Matroni, bisibisi mdomoni, akibadilisha swichi.

"Wifi, hii swichi imekuwa ikikupiga shoti tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Na kaka yangu alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ananishauri nivae viatu vya mpira."

"Ndiyo maana nilikuonya usiolewe naye."

"Ulinionya harusi imeshapita."

"Ningekuonya mapema ningebaki naye mimi." Fundi alishuka ngazi, akafuta mikono kwenye suruali yake ya kazi. Alikuwa mtu wa kujulikana. Miaka kumi na minane ya kazi ilikuwa imempandisha kwenye dari za nusu ya wapigakura wa jimbo, na alijua siri zilizofichwa huko juu, lakini hakuwahi kumtajia mtu hata moja. Kwa sifa hiyo peke yake alistahili ubunge.

Akabonyeza swichi. Taa ikawaka. Akaizima tena.

"Kesho usinipendelee," alisema. "Nikishindwa, nishindwe kama watu wengine. Ila lile swali lenu…"

"Ni la utaratibu tu."

"Mkandarasi ataulizwa?"

Matroni akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

"Unalijua jibu langu, wifi," alisema Fundi. "Mnalijua watu watatu tu. Wewe, kaka na mama."

Watu wote wengine waliamini kwamba mume wa Fundi yuko kwenye mradi wa barabara, mbali. Ukweli ni kwamba aliondoka asubuhi moja miaka miwili iliyopita, na mradi pekee uliojulikana ulikuwa ule wa kutorudi. Fundi alilea watoto watatu, akalipa ada, akaendelea kuwaambia majirani kwamba shemeji yao anawasalimu.

"Sitakuuliza habari za mume," alisema Matroni. "Nitasoma kilichoandikwa, basi."

"Haya." Fundi aliikunja ngazi yake. "Neno lako nimelishika."

*

Kwa hiyo kesho yake, saa nne kasoro dakika kumi, Mwenyekiti alipomwita Matroni pembeni kwenye korido ya ofisi, karibu na pipa la maji, Matroni alikwenda akiwa na neno lake moyoni kama mtu aliyebeba glasi iliyojaa.

"Dada yangu," alisema Mwenyekiti. Alipomwita mtu dada yangu, mtu huyo alitakiwa kushika vizuri pochi yake. "Orodha ya viti vya akina mama imefika mezani kwangu. Namba mbili ni nani, unadhani?"

Akafungua jalada kiasi cha upana wa mkono. Matroni akaliona jina lake, limepigwa chapa, lenye namba mbili kando yake.

"Namba mbili inaingia bungeni hata mvua ikinyesha mawe," alisema Mwenyekiti. "Jina linatoka hapa leo, pamoja na fomu ya mgombea. Sasa nisikilize. Lile swali la saba, lisome, halafu liongeze kidogo. Muulize mume yuko wapi."

"Mwenyekiti…"

"Nimesikia tetesi. Ila tetesi zikifika kwa wifi si tetesi tena. Na usifikiri namwonea. Namkinga! Wapinzani watamuuliza hayohayo jukwaani, mbele ya vipaza sauti. Si heri aulizwe na mtu wa nyumbani, mlango ukiwa umefungwa?"

Alilisema vizuri. Huo ndio uliokuwa ubaya wake: uongo wake uliogeshwa, ukavalishwa, ukachanwa nywele.

Matroni alitaka namba mbili. Hakuna haja ya kumfanya malaika. Miaka ishirini na miwili alikuwa amehesabu mashuka, vichwa vya wasichana na ndoo zilizovunjika. Kuna mchana mmoja, ndani ya stoo ya matandiko, alikuwa amejaribu kiapo cha ubunge kwa sauti, mkono wa kulia juu. Mito mia mbili na arobaini ilimshuhudia, na hakuna hata mmoja uliosimama kupinga. Aliyafahamu pia mambo ambayo angeyasema huko: mabweni yasiyo na milango ya dharura, wasichana wanaokosa shule siku nne kila mwezi. Si kwamba angekwenda kukalia kiti tu. Angefanya kazi.

Glasi ilianza kumwagika hapo hapo kwenye korido, kabla hata Katibu hajaita jina la kwanza.

*

Fundi aliingia amevaa gauni la bluu, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti. Alimtazama kila mjumbe mara moja. Kwa Matroni macho yake hayakukaa zaidi wala pungufu.

Mwenyekiti alimuuliza kuhusu zahanati inayokaa gizani.

"Zahanati ina jenereta nzima," alisema Fundi. "Tatizo ni swichi ya kubadilishia umeme, imefungwa kinyume. Ni kazi ya nusu siku. Nimeandika barua tatu. Ya mwisho niliambiwa suala langu linashughulikiwa na kamati ndogo ya jenereta."

Katibu alikohoa. Alikuwa mjumbe wa kamati ndogo ya jenereta.

Mwakilishi wa Vijana alijiweka sawa, akauliza kwa sauti nzito yeye kama mama atawavutaje vijana.

"Nimefundisha mafundi kumi na tisa. Kumi na watano wana kazi. Mmoja ni mwanao wa kwanza, mzee wangu. Hajambo lakini?"

"Hajambo," alisema Mwakilishi wa Vijana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mdogo.

Alama zikaandikwa. Nane kati ya kumi. Tisa kati ya kumi. Mhazini alikuwa macho kabisa. Chumba kilibadilika hewa, na Mwenyekiti akaisikia hewa hiyo, akageuza kichwa taratibu kuelekea mwisho wa meza.

"Mama," alisema. "Swali lako."

Matroni aliinua karatasi. "Majukumu ya nyumbani utayamudu vipi endapo utachaguliwa?"

"Kama ninavyoyamudu sasa," alisema Fundi. "Naamka mapema."

Ilitosha. Lilikuwa jibu kamili, na swali lilikuwa limekwisha. Lakini Mwenyekiti alisafisha koo lake, mara moja, na kidole chake kikagusa lile jalada lenye orodha. Hakulifungua. Aliligusa tu.

"Na mumeo," alisema Matroni, "yuko wapi?"

Aliisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa ile sauti ya kufungua masanduku ya wasichana mbele ya wenzao.

Fundi alimtazama. Hakukasirika usoni. Alikuwa na sura ya mtu aliyegusa waya alioambiwa hauna umeme.

"Sijui," alisema. "Aliondoka miaka miwili iliyopita, na sanduku moja na redio. Sijui aliko. Watoto wangu wanakula, wanasoma na wanalala kwa wakati." Akamgeukia Mwenyekiti. "Kuna swali la nane?"

Lilikuwepo, na la tisa, na la kumi, na Fundi aliyajibu yote bila kutetereka, huku akimgeuzia Matroni bega. Alipotoka alifunga mlango polepole, kwa namna ambayo mlango uliobamizwa ungekuwa afadhali.

"Kisanduku cha saba," alisema Mwenyekiti. "Napendekeza nne. Kwa huruma. Kuna pingamizi?"

Hakukuwa na pingamizi. Katibu akaandika nne. Visanduku vingine tisa vilimpa Fundi sabini na moja kati ya themanini.

Matroni alikaa. Shuleni kwake, darasa zima linapofeli hesabu, Mkuu wa Shule haliiti darasa ofisini. Anamwita aliyetunga mtihani. Mara ngapi aliliona hilo likitendeka, akaliona ni haki! Wanawake kumi na wawili sasa. Yule mwalimu mjane, alipokuwa akitoka, alikuwa amemshukuru Matroni kwa swali lake. Alimshukuru! Kumbukumbu ile ilikuwa imelala miaka mitano, sasa ikaamka na kukaa kitako.

Katibu alivuta fomu ya pili. Mkandarasi alikuwa bado nje, hajaitwa, labda hajaweka hata tai yake sawa. Katibu alilamba kidole, akafungua ukurasa, akashuka na kalamu mpaka kwenye kisanduku cha saba, na kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na wasiwasi akaandika ishirini. Kisha akapuliza wino ukauke, akainuka kwenda kumfungulia mtahiniwa mlango.

*

Manukato ya Mkandarasi yaliingia kwanza, yakasalimia, kisha akaingia mwenyewe. Alikuwa mtu mkunjufu. Alijenga nusu ya madaraja ya jimbo na kukarabati nusu hiyohiyo kila mwaka. Kuhusu zahanati alisema kwamba suala la giza linahitaji mchakato. Kuhusu vijana alisema wao ni taifa la kesho, na Mwakilishi wa Vijana, ambaye alikuwa ameisubiri kesho hiyo tangu akiwa na nywele, akashusha pumzi.

Maswali sita yakapita. Mwenyekiti akageuza karatasi.

"Swali la nane…"

"Bado la saba," alisema Matroni.

Feni ilizunguka. Mwenyekiti alitabasamu kama anayemsahihisha mtoto. "La saba limeshajazwa, mama."

"Nimeliona. Lakini sijaliuliza, na ni langu." Akamgeukia Mkandarasi. Sauti ilitoka ikiwa na nidhamu ya miaka ishirini na miwili. "Majukumu ya nyumbani utayamudu vipi endapo utachaguliwa?"

Mkandarasi alicheka, akawatazama wanaume wenzake mmoja mmoja ili wacheke pia. "Mama, hayo si muulize mwenye nyumba? Mama watoto yupo."

"Nakuuliza wewe. Una watoto wangapi shuleni?"

"Wanne. Watano, kwa jumla."

"Binti yako yuko kidato cha ngapi?"

Chumba chote kilijua kwamba binti wa Mkandarasi analala kwenye bweni la Matroni. Mkandarasi naye alilijua, kwa kuchelewa kidogo. Mkono wake ukaanza safari kuelekea mfukoni.

"Simu hapana," alisema Matroni. "Huu ni mtihani."

"Yuko… kidato cha pili."

"Cha nne. Mtihani wa mwisho ni baada ya wiki tisa. Mwezi uliopita alilazwa siku tatu. Nilikupigia mara sita."

"Nilikuwa saiti," alisema Mkandarasi. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, isiyo na manukato: "Alilazwa? Anaumwa nini?"

Hapo Matroni karibu amwonee huruma. "Amepona," alisema. "Muulize mwenyewe. Atafurahi. Nimemaliza, Mwenyekiti."

*

Saa tisa kasoro robo Mkandarasi alikuwa ametoka, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Visanduku vyake tisa vilikuwa na alama sitini. Kwa ishirini ya bure zilikuwa themanini. Fundi na nne yake alikuwa na sabini na tano.

"Tusaini," alisema Mwenyekiti. Alitia sahihi. Katibu akatia. Mwakilishi wa Vijana akatia. Kalamu ikafika kwa Mhazini, naye akaiweka chini kwanza, akavua miwani, akaifuta.

"Mimi sisaini," alisema Matroni kutoka mwisho wa meza.

"Ishirini ile imeandikwa kwa wino, dada yangu."

"Basi na Fundi aandikiwe ishirini, kwa wino huohuo. Au wote wapewe walichojibu. Chagua."

"Ni wifi yako. Watasema unambeba."

"Ningembeba, ningemuuliza vile nilivyomuuliza?"

Mwenyekiti alitazama saa ya ukutani. Pikipiki ya Katibu ilihitaji nusu saa kufika makao ya chama, barabara ikiwa nzuri, na barabara ilijengwa na Mkandarasi.

"Bila sahihi yako jimbo linakosa mgombea wake. Utakuwa umewasaliti wanachama wote."

"Nimeshamsaliti mtu mmoja leo," alisema Matroni. "Nimeionja ladha yake."

Mwenyekiti alifungua jalada, safari hii lote. Akaitoa orodha ya akina mama, akailaza katikati ya meza ili kila mtu aione. Akatoa rula kwenye mfuko wa koti, kwani mkaguzi hastaafu kabisa, akaiweka chini ya namba mbili. Akasubiri. Rula ilikaa pale kwa muda ambao mtu angeweza kukunja shuka moja, pande zote nne. Matroni aliliangalia jina lake. Aliwaza mabweni yasiyo na milango ya dharura, na kiapo chake kule stoo.

Hakunyoosha mkono kuchukua kalamu.

Mwenyekiti akapiga mstari, akalikata jina.

"Umepinda kidogo hapo mwishoni," alisema Matroni.

Mwakilishi wa Vijana aligeukia dirishani haraka. Mabega yake yalitikisika. Saa ya ukutani ikasema tisa na dakika tano, kisha na kumi. Mwenyekiti alizungumzia umoja. Katibu alizungumzia barabara. Matroni hakuzungumza. Alikuwa ameshawahi kukaa kimya mbele ya wasichana mia moja na ishirini mpaka aliyevunja kioo akajitokeza mwenyewe, na wanaume wanne hawakuwa kazi.

"Na mimi sisaini mpaka mama asaini," alisema Mhazini ghafla.

Wote wakamgeukia. Yeye mwenyewe alionekana kushtuka.

"Mguu unaniuma," alieleza. "Nataka kwenda nyumbani. Huyo Fundi alinitengenezea pampu ya maji, na ilikuwa Jumapili. Mpeni ishirini yake, tuondoke."

Hivyo ndivyo haki ilivyopita siku hiyo, ikichechemea kwa mguu wa Mhazini. Katibu alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama saa. Ilikuwa tisa na dakika ishirini na tatu. Akafunga macho, akapunga mkono kama anayefukuza nzi, na Katibu akakata nne, akaandika ishirini, akagonga mhuri juu ya masahihisho. Tisini na moja kwa themanini. Fomu mpya ikajazwa jina la Fundi, sahihi tano zikaingia, ya Mwenyekiti ikiwa ya mwisho na ndogo kuliko zote.

"Huko juu nako kuna watu," alisema Mwenyekiti, huku akifunga kalamu. "Usishangilie mapema." Kisha akamshika Katibu kiwiko, akampeleka dirishani, akamnong'oneza kitu kirefu.

*

Fundi alikuwa kwenye benchi la nje, viatu vyake vizuri pembeni, miguu ndani ya viatu vya kazi. Gari lake dogo la mizigo lilikuwa limeegeshwa getini, ngazi ikiwa juu. Matroni akakaa upande wa pili wa benchi. Katikati yao kulikuwa na nafasi ya mtu mzima.

"Ulijibu vizuri," alisema Matroni.

"Uliuliza vizuri."

Matroni akalimeza hilo. Lilikuwa lake.

"Mkandarasi naye nimemuuliza."

Fundi aligeuka kidogo, robo ya uso. "Amejibu nini?"

"Kidato cha pili."

"Mtoto si yuko cha nne?"

"Ndiyo."

Kona moja ya mdomo wa Fundi ikacheza, kisha akaikumbuka hasira yake, akairudisha mahali pake. Mlango wa ofisi ulifunguka. Katibu alitoka mbio na bahasha ya kaki kifuani, ndani ya koti, akawasha pikipiki bila kuwasalimu, akapita getini.

"Ile bahasha ina nini?" aliuliza Fundi.

"Jina lako."

Fundi aliifuata pikipiki kwa macho. Aliinuka polepole. Chini ya mteremko pikipiki ilikuwa imefika kwenye njia panda na kusimama, ingawa hapakuwa na gari lolote la kupisha. Kulia ni njia ya makao ya chama. Kushoto, mita mia mbili, ni geti la Mkandarasi. Katibu alitoa simu, akaiweka sikioni, na hata kwa mbali ilionekana kwamba yeye anasikiliza tu.

"Ilikuwa saa ngapi mlipomaliza?"

"Tisa na nusu."

"Na mwisho ni saa kumi."

"Saa kumi."

Fundi alikwishaufikia mlango wa gari. Alirusha mkoba wa vifaa nyuma, akaondoa bunda la nyaya kwenye kiti cha abiria, akasita nalo mkononi, akimtazama wifi yake aliyesimama kando ya benchi bila kujua kama ameitwa.

"Bado nimekukasirikia," alisema Fundi.

"Najua."

"Si ya leo na kesho."

"Najua, wifi."

"Basi panda. Shikilia hizi nyaya, na huo mlango uvute kwa nguvu."

Matroni akapanda. Aliuvuta mlango mara mbili kabla haujakubali. Kule chini Katibu alikuwa ameshusha simu, lakini mguu wake ulikuwa bado ardhini, na gurudumu la mbele lilikuwa halijageuka upande wowote, wakati gari la Fundi liliponguruma na kuanza kuteremka kumfuata.